Laini nne mezani na wateja wanapotea: tupange vipi simu za ofisi kwa programu ya intaneti? (Lubumbashi)

Mizigo_Lushi

Salamu wote. Niko Kampemba. Ofisi yetu inatoa mizigo forodhani na kutafuta magari ya kuisafirisha. Wateja wako hapa mjini, Likasi na Kolwezi. Madereva wako popote kati ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Kazi yote ni simu. Dereva akikwama Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, kwa karatasi moja, haandiki barua pepe, anapiga.

Juu ya meza tuna simu nne, moja kwa kila mtandao: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Wenyeji hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mwenye namba ya 081 (Voda) anapiga 081, mwenye ya 099 (Airtel) anapiga 099, maana dakika zake za bei nafuu ni za mtandao wake. Simu za waya za enzi za OCPT, lile shirika la serikali la posta na simu, zilishakufa, kwa hiyo hizi nne ndizo mlango wa ofisi.

Shida ni kwamba mlango haufunguki vizuri. Laini ya Voda ikiongea, mteja wa pili anakuta inatumika na anampigia jirani. Jioni kila simu ina orodha yake ya waliopiga bila kupokelewa, na kila mfanyakazi anadhani mwenzake amewarudia. Mtu wa mauzo akienda Kolwezi anaondoka na simu ya Orange mfukoni, na ofisini hakuna anayejua nani kapiga.

Nasikia kuna programu za simu za intaneti zinazokusanya laini zote mahali pamoja. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa kina. Namba zetu zitabaki? Zimeandikwa kwenye mabango na kwenye milango ya magari, siwezi kuzibadili. Intaneti ikikatika tunafanyaje? Na umeme wetu mnaujua.

Fundi_BelAir

Papa Mizigo, la namba nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linalowatisha wengi: namba haziguswi. Kadi zako nne za SIM zinatoka kwenye simu na kuingia kwenye kisanduku chenye matundu ya kadi na antena zake. Yeastar, Dinstar na OpenVox wanatengeneza visanduku vya namna hiyo, vya kadi nne, nane na kuendelea. Mteja anapiga namba ileile aliyoizoea. Kisanduku kinaipokea kutoka kwenye mnara wa GSM, yaani mtandao wa kawaida wa simu za mkononi, na kuigeuza kuwa simu ya SIP, utaratibu ambao mitambo ya simu za intaneti inautumia kuitana na kukubaliana. Ulichapishwa mara ya kwanza 1999, na toleo linalotumika hadi leo ni la 2002.

Kutoka hapo simu inaingia kwenye kompyuta ndogo yenye programu ya mtambo wa simu, na programu ndiyo inayoamua ilie wapi. Maarufu kuliko zote ni Asterisk. Mark Spencer aliianzisha 1999 huko Marekani kwa sababu kampuni yake changa ilihitaji mtambo wa simu na bei ya mitambo ya wakati ule ilimshinda, akaamua kuuandika mwenyewe. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Juu yake kuna FreePBX, inayokupa kurasa za kubofya badala ya kuandika amri. Ipo pia 3CX, lakini hiyo ina masharti yake ya leseni, yasome kabla.

Wafanyakazi wanapokea kwa simu za mezani za IP, zile zinazochomekwa kwenye waya wa mtandao wa ofisi (Grandstream na Yealink zinapatikana), au kwa programu kwenye kompyuta kama MicroSIP, au kwenye simu zao za mkononi kwa Linphone au Zoiper kupitia waifai ya ofisi.

Sasa intaneti. Kila nilichoeleza hapo juu kinafanyika ndani ya ofisi, kwenye waya wenu wa ndani. Simu ya mteja inaingia kwa mnara wa Vodacom au Airtel, haipiti kwenye intaneti kabisa. Intaneti ikikatika kutwa nzima, simu zenu zinaendelea kulia. Anayeathirika ni yule aliye nje ya ofisi, yaani mtu wenu wa Kolwezi. Ndiyo maana siwashauri watu wa Lubumbashi kukodi mtambo ulioko kwenye seva za Ulaya na kuufanya ndio mlango pekee. Ni mzuri, hauna kazi ya kuutunza, lakini siku intaneti inapolala, ofisi nzima inakuwa bubu.

Mama_Vipuri

Asante fundi. Mimi nauza vipuri vya malori, nina laini tatu na vijana wanne dukani. Swali langu: naweza kuweka ile sauti ya kampuni kubwa? «Karibu, kwa vipuri vya injini bonyeza moja, kwa matairi bonyeza mbili.» Kwa Kifaransa na Kiswahili. Naona ingetupa heshima.

Fundi_BelAir

Inawezekana, mama. Inaitwa menyu ya sauti, na kuitengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Lakini naomba usiiweke, au angalau usiiweke mwanzoni. Nitaeleza kirefu, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi wanawafungia wateja bila kulifikiria.

Simu ya GSM inaanza kuhesabiwa pesa pale inapopokelewa. Inapolia tu, mteja halipi kitu. Mashine yako ikipokea ili iseme «karibu», kwa mtandao wake simu imepokelewa tayari, na sekunde zinaanza kukatwa. Anasikiliza Kifaransa, anasikiliza Kiswahili, anabonyeza mbili, anawekewa muziki kwa sababu kijana wa matairi yuko nyuma ya duka. Pesa yote hiyo ni yake. Mtu aliyenunua dakika chache barabarani zikaisha akisikiliza muziki wako hatapiga tena, na hutajua kwa nini.

Menyu za sauti zimekua katika nchi ambazo kampuni hutoa namba ya bure na kulipia yenyewe muda wa mteja, au mteja ana dakika zisizo na kikomo. Hapa kwetu mpigaji ndiye anayelipa, na analipa kwa vipande. Mpango mzuri unamlinda yeye kwanza.

Kwa hiyo ninavyopanga mimi ni hivi. Simu inaingia, mtambo hauipokei, unaliza simu zote za dukani kwa pamoja. Kwa mteja ni mlio wa kawaida. Kijana wa kwanza kuinua ndiye anayeongea naye, na pesa inaanza kuhesabiwa akiwa tayari ana mtu. Kwenye Asterisk maana yake amri ya Answer (pokea) isitangulie. Dial (piga) iite simu zote moja kwa moja. Hata foleni inaweza kupangwa ilie badala ya kupiga muziki, mradi mtambo usiwe umeshapokea.

Kuna mtego mmoja kwenye kisanduku chenyewe. Baadhi vikitoka kiwandani vimewekwa vipokee simu ya GSM kwanza, vimpe mpigaji mlio wa pili, ndipo vianze kutafuta mtu. Ingia kwenye mipangilio, uelekeze kila tundu moja kwa moja kwenye mtambo, na uchague kisanduku kipokee pale tu upande wa SIP unapopokea. Kisha jaribu kwa simu yako mwenyewe: piga, acha ilie bila mtu kuinua, kata, angalia salio. Likiwa limepungua, kazi bado haijaisha.

Msafirishaji_Dar

Naunga mkono kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi ni mteja wa ofisi kadhaa za huko Lubumbashi, napiga +243 kutoka Dar es Salaam. Dakika ya kimataifa ni ghali. Nikisikia muziki, nakata na kutafuta ofisi nyingine. Kama hakuna mtu, bora ilie tu mpaka ikatike, nitajaribu baadaye.

Na kumbukeni saa. Sisi tuko mbele yenu kwa saa moja. Tukifungua ofisi, ninyi bado mko njiani.

Kasumbalesa_Transit

Bandugu, miye niko ku Kasumbalesa. Dereva hapigake sana, anabipaka. Iko na salio kidogo, anabipa mara moja anakata, anangoja umurudilie. Sasa kama hiyo kisanduku inachelewa kulia ku meza, bip inapotea. Muangalie hiyo kwanza. Na tena leo anapiga na namba ya Zambia, kesho ya Tanzania. Mutajua aje ni nani?

Fundi_BelAir

Swali zuri sana, yaya. Bip haipotei. Namba ya mpigaji inafika kwenye kisanduku mwanzoni kabisa mwa mlio, na mtambo unaandika kila simu iliyoingia: namba, saa, laini aliyopiga, sekunde ilizolia, aliyepokea kama yupo. Hata ikilia mara moja ikakatika, mstari wake upo.

Hapo ndipo thamani yote ya mambo haya ilipo, nanyi mnisamehe nikilikazia. Kulia kwa simu nyingi pamoja ni starehe. Orodha moja ya waliokosa kupokelewa, kutoka laini zote nne, inayoonekana na ofisi nzima, ndiyo inayorudisha wateja. Kwa Papa Mizigo orodha hiyo leo imekatwa vipande vinne katika simu nne, na kimoja kiko Kolwezi mfukoni.

Lakini orodha bila mwenye nayo ni karatasi tu. Teueni mtu, kwa zamu ya siku, ambaye kazi yake kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kufunga ni kumrudia kila aliyekosa, na kuandika amesema nini. Programu haitafanya hilo kwa niaba yenu. FreePBX inakupa ripoti ya simu zote, unachuja zile ambazo hazikupokelewa, basi. Fundi akiwa mwelewa anaweza kuifanya itume orodha hiyo kila saa kwenye barua pepe ya mwenye zamu.

Kuhusu nani ni nani: jaza kitabu cha majina ndani ya mtambo. Dereva mmoja andikwe na namba zake zote, ya +243, ya +260 na ya +255. Akipiga kutoka yoyote, skrini zote za ofisi zinaonyesha jina lake. Ongeza alama ya laini mbele ya jina, yaani «VODA» au «ORANGE», ili anayeinua ajue mteja ameingia kwa mlango gani.

Na mkimrudia, mrudieni kwa mtandao wake. Mtambo unasoma tarakimu za mwanzo: 081, 082 na 083 zitoke kwa kadi ya Vodacom, 097, 098 na 099 kwa ya Airtel, 080, 084, 085 na 089 kwa ya Orange, 090 kwa ya Africell. Kijana anabonyeza namba tu, mtambo unachagua kadi. Dakika za vifurushi vyenu vyote vinne zinatumika inavyopasa badala ya moja kuisha na nyingine kulala.

Bukavu_Mitandao

Salamu kutoka Bukavu. Kabla watu hawajakimbilia kununua, tuseme jambo la sheria waziwazi.

Kisanduku cha kadi za SIM ni kifaa kilekile ambacho wahalifu hutumia kuingiza simu za kimataifa nchini kupitia intaneti na kuzitoa kama simu za ndani, ili kukwepa ada. Huo ni udanganyifu. ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, na kampuni za simu zinaupiga vita, na kadi zinazofanya hivyo hufungwa. Ofisi inayopokea simu za wateja wake kwa kadi zake yenyewe haifanyi hivyo. Lakini kwa mtandao, kadi isiyohama mahali, inayotoa simu mfululizo kwenda namba nyingi tofauti na haipokei karibu chochote, inafanana na ya mhalifu.

Kwa hiyo: kadi zisajiliwe kwa jina la kampuni. Nendeni kwa kila mtandao, idara ya wateja wa biashara, mweleze mnachotaka kufanya, mpate jibu la maandishi. Ulizeni pia ARPTC kuhusu uthibitisho wa kifaa chenyewe. Msiruhusu mtu yeyote, hata ndugu aliye Ubelgiji, aingize simu zake za nje kupitia kisanduku chenu «kwa ajili ya kusaidiana». Huko ndiko watu wanakoingia matatani.

Kusajili kwa jina la kampuni kuna faida nyingine kubwa. Biashara ngapi zimepoteza namba ya miaka mingi kwa sababu kadi ilisajiliwa kwa jina la kijana aliyeacha kazi? Kijana anakwenda wakala, anasema kadi imepotea, anapewa mpya. Wateja wote wanaondoka naye, na kisheria namba ni yake.

Mizigo_Lushi

Hili la mwisho nalifanya wiki hii. Asanteni.

Maswali mawili. Laini yetu ya Airtel ndiyo ya Airtel Money, na ya Voda ndiyo ya M-Pesa. Nazo ziingie kwenye kisanduku? Na WhatsApp? Nusu ya wateja wanapiga kwa WhatsApp siku hizi.

Fundi_BelAir

Laini ya pesa ibaki kwenye simu, mkononi mwa mwenye hazina, peke yake. Kisanduku kinaweza kusoma ujumbe mfupi, na kila mwenye neno la siri la kisanduku ataona ujumbe wa pesa. Usijifungulie mlango huo. Kama wateja wamezoea kupiga namba hiyohiyo, elekeza simu zake: andika **21*, namba nyingine ya ofisi, kisha #. Simu zinahamia huko, ujumbe wa pesa unabaki kwenye simu ya hazina. Kuondoa ni ##21#. Kipande cha simu kinachoelekezwa kinalipiwa na wewe unayeelekeza, kwa hiyo elekeza ndani ya mtandao uleule.

Codi hizi ni za GSM yenyewe, kila mtandao unaowasha huduma hiyo unazikubali, na zinafaa hata kwa mtu asiye na haja ya mtambo. **67* ni laini ikiwa inaongea, **61* ni isipopokelewa, **62* ni ikiwa imezimwa au haina mtandao, na ##002# inafuta zote. Mwenye duka la laini mbili aanze hapo. Mteja wa pili hakuti tena «inatumika», anaangukia simu ya pili. Hakuna cha kununua. Ukiwa na kisanduku zinakufaa vilevile, maana tundu moja ni kadi moja na mazungumzo moja kwa wakati mmoja: ukitaka watu wawili wa Vodacom waongee nawe pamoja, weka kadi mbili za Vodacom na **67* kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

WhatsApp ni dunia yake. Simu zake haziingii kwenye mtambo huu. Ukihamisha kadi kwenda kwenye kisanduku, WhatsApp iliyosajiliwa kwa namba hiyo inaendelea kufanya kazi kwenye simu kupitia intaneti, na unaweza kuunganisha vifaa vingine hadi vinne kwenye akaunti moja ili wafanyakazi wajibu ujumbe kutoka kompyuta zao. Ila fahamu hatari: namba za kuthibitisha akaunti zinatumwa kwa ujumbe mfupi, na sasa ujumbe huo unafika kwenye kisanduku. Washa ile PIN ya hatua mbili ya WhatsApp kabla ya kuhamisha kadi, wala si baadaye.

Mama_Vipuri

Nimekubali kuhusu ile sauti, sikuwahi kufikiri kwamba mteja analipa kunisikiliza. Basi usiku? Duka limefungwa, lakini lori likiharibika barabara ya Likasi saa sita usiku, dereva anatafuta kipuri.

Fundi_BelAir

Kwa usiku mtambo una ratiba. Mchana simu inaliza duka zima. Usiku inaliza simu ya kijana mmoja wa zamu, kwa Linphone akiwa nyumbani au kwa kuipeleka namba yake ya kawaida. Asipoinua, hapo sasa sauti fupi inafaa, moja tu, ya sekunde chache: «Duka la vipuri, tumefunga, namba yako tumeiona, tutakupigia asubuhi.» Iseme kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti ya mtu anayejulikana dukani. Wale wa Kolwezi wanaozungumza Kifaransa wataelewa pia. Kisha ikate yenyewe. Usimwombe aache ujumbe. Wengi hawaachi, na muda wake unaenda.

Mizigo_Lushi

Tukirudi kwa mtu wetu wa Kolwezi. Apate simu za ofisi akiwa kule, inahitaji intaneti kiasi gani? Sauti isiwe ya kukatikakatika.

Fundi_BelAir

Ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini iwe tulivu. Sauti inabanwa kwa kodeki, yaani namna ya kuigeuza iwe data ndogo. G.711 haibani karibu kitu, inachukua kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande ukijumlisha vifungashio vyake, ile data ya anwani inayosafiri na sauti. G.729 inashuka hadi kama 31, na hataza zake zilikwisha 2017, hulipii. Opus, iliyosanifishwa 2012, inajirekebisha kadiri njia inavyobadilika, na kwa mtandao wa simu za mkononi wa kwetu ndiyo ninayoipenda. Kwa hiyo mazungumzo manne kwa G.729 hayafiki hata kilobiti 130 kila upande. Ndani ya ofisi tumia G.711, waya haulipiwi.

Kinachoua sauti ni ucheleweshaji na kuyumba. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye pendekezo lake G.114 linasema sauti ichukue chini ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee bila kugongana. Setilaiti za zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari peke yake inakula karibu milisekunde 250. Ndiyo maana watu husubiriana kama wanaoongea kwa redio ya upepo. Setilaiti za chini kama za Starlink ziko kwenye kilomita 550 hivi, hizo zinabeba simu vizuri. Faiba na 4G nzuri pia.

Mtu mmoja wa ofisini akipakua sinema, simu ya Kolwezi inakatika. Kwenye ruta ipe sauti kipaumbele. Na kwenye ruta hiyohiyo kuna kitu kinachoitwa SIP ALG: kizime. Kimetengenezwa kusaidia, lakini mara nyingi ndicho chanzo cha lile tatizo la «mimi namsikia, yeye hanisikii».

Mwisho, usifungue mtambo wako kwa dunia nzima ili Kolwezi aingie. Mlango 5060, ule ambao SIP inautumia, ukiwa wazi, roboti za wezi zinaupata haraka, zinajaribu namba ya ndani 100 na neno la siri 100, zikiingia zinapiga nchi za mbali usiku kucha na salio lako linaisha. Weka njia ya siri kati ya ofisi na Kolwezi kwa WireGuard, ni ya bure. Kila namba ya ndani iwe na neno la siri refu. Simu za kwenda nje ya nchi ziruhusiwe kwa namba mlizoorodhesha tu.

Bukavu_Mitandao

Naongeza kuhusu kurekodi, maana kila mwenye biashara akishaona inawezekana anaitaka. Dakika moja ya rekodi ya kawaida isiyobanwa ni karibu megabaiti moja, diski si tatizo. Tatizo ni kwamba sauti ya mteja ni taarifa yake binafsi, na tangu Machi 2023 tuna sheria ya mambo ya kidijitali, ordonansi nambari 23/010, inayolinda taarifa za watu. Mteja ajue anarekodiwa. Kama huna sababu ya kweli, usirekodi. Kwa ofisi ya forodha naelewa: bei zilizokubaliwa kwa simu huleta ugomvi. Kwa duka la vipuri, sioni.

Kasumbalesa_Transit

Na umeme? Fundi hajajibu.

Fundi_BelAir

Kweli, lilibaki. Hapa vifaa vyenyewe vinatusaidia, havili sana. Kisanduku cha kadi nne, kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi na ruta, vyote pamoja kwa kawaida havizidi wati 30. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tumia nusu tu ili idumu, una 600, yaani kama saa 20 za simu bila umeme wa SNEL na bila jenereta. Kisanduku na ruta nyingi ni za volti 12, unavilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kidhibiti. Simu za mezani zitafute zinazopata umeme kwa waya wa mtandao, na swichi yake nayo iwe kwenye betri. Hiyo inaongeza wati, ipigie hesabu. Simu za programu kwenye kompyuta za mezani zitakufa na umeme, kwa hiyo kila mtu awe na Linphone kwenye simu ya mkononi kama akiba.

Kadi zipewe salio kidogo kila mara hata kama ni za kupokea tu. Laini isiyowekewa kitu muda mrefu inaweza kufungwa na mtandao.

Mama_Vipuri

Duka langu ni kontena. Hata simu ya kawaida ndani haishiki mtandao vizuri, vijana wanatoka nje kuongea. Kisanduku kitafanya kazi?

Fundi_BelAir

Ndani ya kontena, hapana, mama. Chuma kinafunga mawimbi pande zote. Kisanduku kikae ndani, antena zitoke nje kwa waya. Usinunue waya mrefu mwembamba, unakula mawimbi njiani. Mita chache za waya mnene zinatosha. Antena tatu zisisimame zikigusana, zitenganishe, maana kadi moja ikitoa sauti inasumbua jirani yake. Kwa kontena lako hii ni faida: vijana hawatatoka tena nje kuongea, simu ya mezani ndani itasikika safi kwa sababu mawimbi yanashikwa juu ya paa.

Mizigo_Lushi

Nimeelewa vya kutosha kuanza. Tutaweka kadi mbili mpya za Voda na moja ya Orange kwanza, laini za pesa zibaki kwa hazina, na dada wa mapokezi ndiye mwenye orodha ya waliokosa. Africell na ya pili ya Airtel zitafuata baada ya kupata barua za mitandao. Fundi, nikutafute kwa ujumbe wa siri kuhusu bei.

Antena zikikaa juu ya paa, radi je? Mvua zetu tunazijua.

Fundi_BelAir

Kila waya wa antena upite kwenye kizuia radi kabla haujaingia ndani, na kizuizi hicho kifungwe kwa waya mnene hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Antena zisiwe kitu kirefu kuliko vyote juu ya paa. Kontena la Mama Vipuri nalo lifungwe ardhini, chuma chote. Ardhi yetu ikikauka inapitisha umeme kwa shida, kwa hiyo fimbo iingie ndani sana, na ipimwe sasa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba.